Siku WhatsApp iliponyamaza: kwa nini kazi moja inagawanywa kwa kompyuta nyingi

Jumatatu tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, karibu saa kumi na moja na dakika arobaini za mangaribi kwa saa ya Goma, ujumbe wa WhatsApp uliacha kwenda. Bukavu, Bunia na Lubumbashi, sawasawa na Paris na New York, aliyeandika aliona alama ya saa ndogo kando ya ujumbe wake, na ujumbe haukuondoka. Wako waliozima simu na kuiwasha tena. Wako walionunua mega zingine wakifikiri zao zimekwisha. Facebook na Instagram, ambazo ni za kampuni hiyo hiyo, pia zilikuwa zimenyamaza. Huduma zilirudi karibu na saa sita za usiku.

Wengi walifikiri kuna kompyuta kubwa mahali fulani iliyoharibika. Haikuwa hivyo. Kampuni hiyo ilikuwa na maelfu ya kompyuta, ndani ya majengo makubwa katika inchi mbalimbali, na siku hiyo zilikuwa nzima. Zilikuwa na umeme na zilikuwa zinawaka. Kilichokatika ni mawasiliano kati yao.

Ili kuelewa namna mashini nzima zinavyoweza kushindwa zote pamoja, inafaa kwanza kujua kwa nini kazi iligawanywa kati yao. Wataalamu wanaita mpango huo mfumo wa kompyuta zilizosambazwa. Neno hilo si geni kwa wakaaji wa kando ya ziwa Kivu, ingawa wao wamelizoea zaidi kwenye sufuria. Ni kundi la kompyuta zinazokaa mbalimbali, kila moja na kumbukumbu yake, zinazotumiana ujumbe ili kufanya kazi moja. Mtumiaji hazioni. Yeye anaona kitu kimoja tu: WhatsApp, Google, ao akaunti yake ya pesa kwenye simu.

Mashini moja haitoshi

Sababu ya kwanza ni wingi wa kazi. Kompyuta inayopokea maombi ya watu na kuyajibu inaitwa seva. Hata ikiwa na nguvu namna gani, kuna idadi ya maombi ambayo haiwezi kupita kwa sekunde moja. WhatsApp ilikuwa na watumiaji zaidi ya miliari 2 mwaka ule wa 2021. Hakuna seva moja inayoweza kubeba mzigo huo.

Njia ya kwanza ambayo mtu angefikiria ni kununua mashini kubwa zaidi. Lakini bei inapanda haraka kuliko nguvu, na mwishoni hakuna tena kubwa zaidi ya kununua. Larry Page na Sergey Brin, waliounda kampuni ya Google mwaka 1998 nchini Marekani baada ya kuanza kazi yao katika chuo kikuu cha Stanford, walichukua njia nyingine. Waliunganisha kompyuta nyingi za bei rahisi, za aina ile ambayo mtu anaweka nyumbani. Kazi ikiongezeka, waliongeza mashini kando ya zile zilizopo.

Njia hiyo inafaa pia kwa hesabu kubwa za sayansi. Mradi wa Folding@home, ulioanza mwaka 2000 katika chuo hicho cha Stanford, unaomba watu wa kawaida waazimishe kompyuta zao wakati hawazitumii, ili zisaidie kuhesabu namna protini za mwili zinavyojikunja. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, watu wengi sana walijiunga hata mradi huo ukapita hesabu miliari moja mara miliari moja kwa sekunde. Wakati ule hakuna kompyuta moja duniani iliyokuwa imefika hapo. Nguvu ile ilitoka kwenye vyumba vya kulala, ofisi na shule.

Kila mashini ina siku yake ya kufa

Sababu ya pili inagusa kila mtu aliyewahi kupoteza simu yenye picha zake zote. Kitu kilichowekwa mahali pamoja tu kinapotea siku mahali hapo panapoharibika.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kompyuta moja inaharibika mara moja kwa siku 1.000, yaani karibu miaka mitatu. Mwenye kompyuta moja ataona hilo ni jambo la nadra. Lakini mwenye kompyuta 1.000 atakuwa na moja inayoharibika karibu kila siku. Mwenye 10.000 atakuwa na kumi kila siku. Kwa hiyo anayetumia mashini nyingi hawezi kungoja kuona kama zitaharibika. Anapaswa kujenga mfumo wake akijua kwamba leo, saa hii, kuna moja iliyokufa.

Mwaka 2003, wahandisi wa Google walitoa maandishi yaliyoeleza namna wanavyofanya. Kila faili kubwa inakatwa vipande vya megabaiti 64, na kila kipande kinawekwa, kwa kawaida, kwenye kompyuta tatu tofauti. Moja ikifa, zingine mbili zinaendelea kujibu, na mfumo wenyewe unatengeneza nakala ya tatu kwenye mashini nyingine. Mtu anayetafuta habari hajui kwamba kuna kilichoharibika.

Lakini nakala tatu ndani ya jengo moja hazisaidii ikiwa jengo lenyewe linaungua. Wakaaji wa Goma walioona lava ya Nyiragongo ikishuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 wanaelewa hilo bila kufundishwa. Ndiyo sababu kampuni kubwa zinaweka nakala katika miji tofauti, hata katika mabara tofauti.

Mbali ni mbali

Sababu ya tatu ni umbali. Ujumbe wa intaneti unasafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa mwendo wa karibu kilomita 200.000 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini una mwisho. Kutoka Goma mpaka Paris kuna zaidi ya kilomita 6.000, hata kama kebo ingepita kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni zaidi ya sehemu 60 za elfu moja ya sekunde, na kebo hazinyooki kamwe. Ukurasa mmoja wa intaneti unaweza kuhitaji safari nyingi za namna hiyo kabla haujafunguka wote.

Dawa yake ni kuweka nakala karibu na watu. Kwa sababu hiyo pia Kongo ilijenga vituo ambapo kampuni za intaneti zinabadilishana ujumbe ndani ya inchi: KINIX kule Kinshasa, kisha vingine Lubumbashi na Goma. Bila kituo kama hicho, ujumbe wa mtu wa Goma kwa jirani yake anayetumia kampuni nyingine unaweza kutoka nje ya inchi, ufike ng'ambo, ndipo urudi kwenye kartie ile ile.

Wakenya waliishi na jambo hilo kwa miaka. M-Pesa ilianza kwao mwaka 2007, lakini mpaka 2015 seva zilizotunza akaunti zao zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Nairobi aliyemlipa muuzaji aliyesimama mbele yake alikuwa anapitisha ombi lake Ulaya.

Daftari tatu na motari mmoja

Mpaka hapa kila kitu kinaonekana chepesi: ongeza mashini, ongeza nakala, zisogeze karibu na watu. Taabu inaanza wakati nakala zinapaswa kusema jambo moja.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa unga kule Bukavu. Ana depo tatu: moja Kadutu, moja Bagira, moja Panzi. Kila depo ina karani mwenye daftari, na kila daftari linaonyesha kwamba mteja mmoja amelipa mbele dola 100. Makarani wanajulishana habari kwa barua inayobebwa na motari.

Asubui mteja anachukua unga wa dola 100 Kadutu. Karani anaandika, kisha anatuma motari. Mvua inanyesha, njia inaharibika, motari anakwama. Mteja anapanda Bagira. Daftari la Bagira bado linasema ana dola 100. Karani wa huko anampa unga mara ya pili. Hakuna karani aliyeiba wala aliyekosea kuandika, lakini bwana depo amepoteza dola 100.

Bwana depo anaweza kuweka sheria hii: hakuna karani anayetoa unga mpaka makarani wawili kati ya watatu wawe wamekubali na kuandika. Hesabu yake ni nyepesi. Ukichagua wawili kati ya watatu leo, na wawili kati ya watatu kesho, lazima kuna angalau mmoja aliyekuwa kwenye makundi yote mawili. Huyo anajua kilichofanyika jana na atakataa. Zaidi ya hilo, ikiwa karani mmoja anagonjwa, wawili waliobaki wanaweza kuendelea na kazi. Mifumo mingi ya kompyuta inafanya kazi kwa sheria hiyo ya wengi, ndiyo maana nakala mara nyingi ni tatu ao tano.

Kuna shida nyingine, ya saa. Wakongomani wanajua kwamba saa sita ya Goma ni saa tano ya Kinshasa. Tofauti hiyo inajulikana, kwa hiyo haisumbui. Kinachosumbua ni kwamba hata saa mbili za mji mmoja hazikubaliani kamili. Kompyuta pia ni hivyo: saa ya moja inakimbia kidogo, ya nyingine inachelewa. Ikiwa maombi mawili yamefika kwenye mashini mbili kwa wakati karibu sawa, lipi lilikuwa la kwanza? Kwenye akaunti yenye dola 100, jibu la swali hilo linaonyesha nani atalipwa na nani atakosa.

Mwaka 1978, Mmarekani Leslie Lamport alionyesha kwamba mashini zinaweza kupanga mambo bila kuamini saa ya ukutani. Kila moja inahesabu matukio yake na kuweka namba kwenye kila ujumbe inaotuma. Anayepokea anahakikisha namba yake inapita ile aliyoipokea, kwa sababu jibu haliwezi kutangulia swali. Mwaka 2013, Lamport alipewa tuzo ya Turing, ambayo ni kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta.

Kukataa ao kukosea

Turudi kwa motari aliyekwama. Karani wa Bagira ametuma barua mbili, moja Kadutu na moja Panzi, na hakuna jibu. Je, wenzake wamefunga? Barua imepotea? Ao jibu limo njiani? Yeye, akiwa amekaa depo, hana njia ya kujua. Na mteja amesimama mbele yake.

Ana mambo mawili tu ya kuchagua. Anaweza kukataa na kumwambia mteja angoje. Ao anaweza kutoa unga, na kukubali kwamba labda anakosea. Mwaka 2000, Eric Brewer, mwalimu katika chuo kikuu cha California kule Berkeley, alisema kwamba kila mfumo wa kompyuta zilizosambazwa unafika kwenye uchaguzi huo siku mawasiliano yanapokatika. Mwaka 2002, Seth Gilbert na Nancy Lynch walithibitisha hilo kwa hesabu. Ufundi wowote hauwezi kukwepa uchaguzi huo.

Na mawasiliano yanakatika kweli. Tarehe 6 mwezi wa munane 2023, matope yaliyoporomoka ndani ya bonde la chini ya bahari, pale mto Kongo unapoingia Atlantiki, yalikata kebo mbili, WACS na SAT-3. WACS ni ile inayotua Muanda, na ukarabati ulichukua karibu mwezi mzima. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2024, kebo nne zilikatika mara moja karibu na Côte d'Ivoire. Wakati mwingine ni mkono wa watu: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti ilifungwa Kongo kwa karibu wiki tatu.

Kila huduma inachagua kulingana na kile kinachoweza kupotea. Idadi ya watu waliopenda picha kwenye Facebook inaweza kuonekana 40 kwa mtu mmoja na 43 kwa mwingine, na hakuna atakayeumia. Mfumo kama huo unajibu kila mara, kisha unasahihisha baadaye. Lakini kwa akaunti ya pesa, ni afazali kukataa. Ujumbe ule unaoudhi, unaosema huduma haipatikani kwa sasa na ujaribu tena baadaye, mara nyingi ni sauti ya karani aliyekataa kutoa unga bila kuwauliza wenzake.

Pesa haimo ndani ya simu

Mashariki mwa Kongo, jambo hili linagusa chakula cha kila siku. M-Pesa ya Vodacom iliingia inchini mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pia. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango. Jamaa nyingi zilibaki na simu tu kama njia ya kupokea pesa kutoka kwa ndugu walio mbali.

Hapo watu waliona mambo mawili. La kwanza: akaunti hazikufutika kwa sababu ofisi zimefungwa. Hesabu ya pesa ya mtu haikai ndani ya simu yake wala ndani ya ofisi ya mtaa wake. Inakaa kwenye seva za kampuni, mbali naye. Ndiyo maana mtu anayepoteza simu anaweza kuomba kadi nyingine yenye namba yake na kukuta pesa yake iko. La pili lilikuwa gumu zaidi: kompyuta zinasambaza hesabu, hazisambazi noti. Mtu anaweza kuona dola 50 kwenye simu na asipate wakala mwenye noti za kumpa.

Kuna jambo lingine ambalo kila mtumiaji anafaa kulijua. Unapotuma pesa na rezo ikakatika kabla ya jibu, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Labda ombi lako halikufika, na hakuna kilichotumwa. Ao ombi lilifika, pesa ikaenda, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwenye simu yako, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Mifumo iliyotengenezwa vizuri inaipa kila operesheni namba yake ya pekee. Ikiwa ombi lenye namba ile ile linafika mara mbili kwa sababu ya rezo mbaya, linatekelezwa mara moja tu. Lakini wewe ukianza upya kwa mkono wako, ukaandika namba ya mtu, kiasi na namba ya siri, mfumo utaona ni operesheni mpya. Hauwezi kujua kwamba ulikuwa unarudilia ile ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kutuma tena, angalia kwanza pesa iliyobaki kwenye akaunti, ao uliza anayepokea. Dakika mbili za kungoja zinaweza kuokoa malipo ya mwezi wa shule.

Kilichotokea siku ile

Sasa tunaweza kurudi kwenye ile jumatatu ya 2021. Kampuni ya Facebook ilieleza yenyewe kilichotokea. Wakati wa kazi ya kawaida ya matengenezo, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilikata njia zote zinazounganisha majengo yake ya kompyuta duniani. Kulikuwa na programu ya kuzuia amri za namna hiyo, lakini nayo ilikuwa na kasoro.

Kilichofuata kinaonyesha namna mfumo mzima unavyoweza kuanguka huku kila mashini ikifanya wajibu wake. Kampuni ilikuwa na seva ndogo zinazojulisha dunia mahali Facebook na WhatsApp zinapopatikana. Seva hizo zilikuwa zimefundishwa hivi: ukishindwa kuongea na majengo makubwa, jua wewe ndiwe mgonjwa, jiondoe. Ni sheria nzuri ikiwa seva moja tu ina shida. Siku ile zote zilishindwa kuongea, zote zikajiona wagonjwa, zote zikajiondoa. Dunia ikabaki haijui tena namna ya kuzifikia.

Mafundi walitaka kutengeneza kutoka mbali, lakini vyombo vyao vya kazi vilikuwa vinapita kwenye rezo ile ile iliyokufa. Walipaswa kwenda wenyewe kwenye majengo, na majengo hayo yamejengwa ili yasiingiliwe kirahisi. Hapo saa zikapita. Kompyuta zilikuwa nyingi na nakala zilikuwa nyingi, lakini njia za kuzitengeneza zote zilipitia mlango mmoja.

Usiku ule, simu za kawaida na SMS ziliendelea kupita Goma na Bukavu, kwa sababu zinabebwa na rezo za kampuni za simu za hapa, zisizotegemea seva za Facebook. Aliyekuwa ameandika namba za watu wake mahali pengine, hata kwenye daftari, aliwapigia na kuwapata. Aliyewajua kwa njia ya kikundi cha WhatsApp tu alingoja mpaka saa sita za usiku.